Kudhibiti magonjwa ya ukungu kwenye grini za gofu za nyanda za juu

Grini, yaani eneo la nyasi fupi sana linalozunguka shimo la gofu, ikiwa ya nyasi za benti (bentgrass) hukatwa kwa kimo cha milimita 3 hadi 4. Kwa kimo hicho nyasi hubaki na jani dogo la kutengenezea chakula, mizizi haishuki mbali, na kila asubuhi mashine huacha vidonda vipya kwenye ncha za majani. Kuvu yenyewe haitoki mbali. Inaishi mwaka mzima kwenye mabaki yaliyo chini ya nyasi, na huamka pale inapopata joto linaloifaa, jani lililolowa kwa saa nyingi na nyasi zilizodhoofika. Maelezo haya yanahusu hasa grini za benti za Nairobi na nyanda nyingine za juu za Kenya, kuanzia mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari. Nyasi za kikuyu kwenye njia za mchezo ni habari nyingine kabisa: hustahimili mengi ambayo grini haiwezi.

Mgeni wa kazi hii hukimbilia kuuliza ni dawa gani ya kununua. Swali la kwanza lingekuwa grini imelowa kwa saa ngapi usiku uliopita, kwa sababu jibu lake ndilo linaloamua kama dawa itasaidia au itamwagwa bure.

Kwanza hakikisha ni ukungu

Mabaka mengi yanayopulizwa dawa hayana ugonjwa wowote. Mafuta ya haidroliki yaliyovuja kwenye mashine huacha mstari ulionyooka. Mbolea iliyomwagika huacha doa lenye mpaka mkali. Funza wa kukata miche hula nyasi kuzunguka tundu la kidole, na kwa mbali ungeapa ni ukungu. Baka kavu lisilonyonya maji nalo huiga ugonjwa wa mizizi. Hilo lijaribu hivi: toa kipande cha udongo kwa chombo cha kukatia mashimo ya grini, kilaze ubavu, kiache kikauke, kisha dondoshea matone ya maji kila sentimita moja kutoka juu kwenda chini. Tone likikaa juu ya udongo kwa zaidi ya sekunde 5 bila kuzama, tatizo ni udongo unaokataa maji. Hapo kinachotakiwa ni kutoboa na kuweka dawa ya kulowanisha udongo.

Ukibaki na shaka, kagua alfajiri kabla mashine haijapita, wakati utando wa kuvu bado unaonekana kwenye umande. Beba kioo cha kukuzia mara 10. Kata kipande chenye upana wa sentimita 10 na kina cha sentimita 5 hadi 8 kwenye ukingo wa baka, nusu nyasi nzima na nusu zilizougua. Katikati ya baka hapafai, kwani huko kuvu iliyoua imekwisha kupita na waliobaki ni walaji wa mizoga. Weka kipande hicho kwenye mfuko wa plastiki pamoja na karatasi ya tishu iliyolowa kidogo, ufunge, uuache ndani ya chumba usiku kucha. Kuvu ya majani ikiwa hai itatoa manyoya meupe au ya kijivu ndani ya saa 12 hadi 24.

Sampuli ya maabara hutolewa kabla ya kupuliza dawa. Funga udongo wake kwa gazeti kavu, usiumwagilie maji, uufikishe siku hiyo hiyo au kesho yake. KEPHIS (shirika la serikali la afya ya mimea) na KALRO Kabete (kituo cha utafiti wa kilimo) wana wataalamu wa magonjwa ya mimea. Andika pamoja na sampuli kimo cha kukata, tarehe ya mbolea ya mwisho na dawa zilizotumika mwezi uliopita. Bila taarifa hizo mtu wa maabara atakuwa anabahatisha nusu ya jibu.

Dola spoti, mgeni wa kila msimu

Huu ndio ugonjwa utakaokutana nao mara nyingi zaidi. Kwenye grini hutokea madoa ya mviringo yenye rangi ya majani makavu ya ngano, yaliyodidimia kidogo, kila moja likiwa na upana wa sarafu, sentimita 2 hadi 5. Ukiyaacha huungana na kuwa mabaka makubwa yanayoyumbisha mpira. Kwenye majani marefu ya pembezoni utaona kidonda cheupe kinachokata jani kwa upana, chenye kingo za kahawia nyekundu. Kwenye jani la milimita 3 kidonda hicho hakina nafasi ya kukamilika, hivyo usikitafute kwenye grini yenyewe. Kitafute kwenye ukanda unaoizunguka.

Kwa miongo mingi kuvu hii iliitwa *Sclerotinia homoeocarpa*, jina ambalo F. T. Bennett aliliweka mwaka 1937. Mwaka 2018 ilihamishiwa kwenye jenasi mpya ya *Clarireedia*. Inayoshambulia benti kwa kawaida ni *C. jacksonii*, na inayopatikana zaidi kwenye bermuda na paspalamu, nyasi za maeneo ya joto, ni *C. monteithiana*. Jambo la kazi ni kwamba haisambai kwa mbegu za hewani kama kutu ya ngano. Husafiri kwenye vipande vya nyasi vilivyoambukizwa: ndani ya kikapu cha mashine, kwenye nyayo za viatu, kwenye magurudumu. Kwa hiyo grini iliyougua ikatwe mwisho, nyasi zilizokatwa zichukuliwe mbali na grini, na mashine ioshwe kabla ya kurudi bandani.

Inapenda nyuzi joto 15 hadi 30 na jani lililolowa saa 10 au zaidi. Ukitazama hali ya hewa ya Nairobi utaelewa kwa nini haitupi mapumziko marefu. Mvua ndefu za Machi hadi Mei huleta maji, na Juni hadi Agosti mawingu na rasharasha huzuia grini kukauka hata saa nne asubuhi. Halafu mvua fupi za Oktoba hadi Desemba huanza tena.

Kupunguza saa za umande

Umande wa grini si maji matupu. Sehemu yake ni utomvu unaotoka kwenye ncha za majani yaliyokatwa, wenye sukari na asidi amino, na kuvu huula. Kuuondoa ni kazi rahisi yenye faida kubwa kuliko chupa nyingi za dawa. Jani likilowa saa mbili usiku na kukauka saa tatu asubuhi, hizo ni saa 13. Ukipitisha mashine au fimbo ndefu ya kupangusia saa kumi na mbili, umebakiza 10. Siku ambayo grini haikatwi, umande upanguswe vilevile. Mapumziko ya Jumapili ya mashine yasiwe karamu ya kuvu.

Umwagiliaji wa jioni ni kosa la kawaida mno. Maji ya saa kumi na moja jioni huongeza saa tatu au nne za unyevu kabla umande haujaanza. Mwagilia kati ya saa tisa na saa kumi na moja alfajiri, jani likiwa limelowa tayari, ili usirefushe muda. Maji hayo pia husuuza ule utomvu. Mchana, baka linalokauka lisaidiwe kwa mpira wa mkono mahali pake tu, bila kufungulia grini nzima.

Kisha tazama miti. Mti ulio upande wa mashariki unaozuia jua la asubuhi hadi saa nne ndio unaofuga ugonjwa, wala si ule wa magharibi. Kupunguza matawi ya chini kunaruhusu hewa kupita. Kamati nyingi za vilabu hazipendi kusikia habari za kukata miti, basi pima: andika kwa wiki mbili saa ambayo grini yenye kivuli inakauka na saa ambayo ile iliyo wazi inakauka, uwapelekee tarakimu.

Kama grini inashikilia maji chini, umande ni nusu tu ya shida. Ujenzi unaofuata mapendekezo ya USGA (chama cha gofu cha Marekani), yaliyotolewa kwanza mwaka 1960, una sentimita 30 za mchanganyiko wa mchanga juu ya sentimita 10 za kokoto na mabomba. Grini za zamani zilizojengwa kwa kusukuma na kurundika udongo wa kawaida hazina hayo. Hizo zitobolewe kwa vijiti vyenye uwazi ndani vya milimita 12 mara mbili kwa mwaka wakati nyasi zinakua kwa nguvu, na mashimo yajazwe mchanga hadi juu. Kutoboa katikati ya mlipuko wa ugonjwa huongeza majeraha, kwa hiyo panga kabla ya msimu.

Mbolea: kidogo, mara kwa mara

Dola spoti na chule hushambulia grini yenye njaa. Mabaka ya kahawia na pithiamu, magonjwa yanayoelezwa hapo chini pamoja na chule, hushambulia grini iliyolishwa kupita kiasi. Njia ya kupita katikati ni naitrojeni kidogo kila wiki, takriban gramu 0.5 kwa mita ya mraba. Kwa grini ya mita 500 za mraba hiyo ni gramu 250 za naitrojeni, sawa na gramu 540 za urea yenye asilimia 46, au kilo 1.2 za salfeti ya amonia yenye asilimia 21. Yeyusha ndani ya lita 40 za maji, puliza jua likiwa chini, kisha suuza kwa maji mepesi ili chumvi isichome majani.

Kati ya hizo mbili, salfeti ya amonia inafaa zaidi pale maji ya kumwagilia yana alikali, na visima virefu vingi vya Nairobi vina maji ya namna hiyo. Hushusha pH ya tabaka la juu polepole. Hilo linasaidia dhidi ya ugonjwa wa mizizi wa *Gaeumannomyces*, ambao hupenda grini mpya za benti zenye pH ya juu: duara la rangi ya shaba lenye upana wa sentimita 10 hadi 60, mizizi ikiwa imegeuka kahawia iliyokolea hadi nyeusi. Kwa grini yenye historia hiyo, ongeza manganizi kilo 2.25 kwa hekta, yaani kama gramu 350 za salfeti ya manganizi kwa grini ya mita 500 za mraba.

Mchanga nao ni kinga. Kilo 0.5 kwa mita ya mraba kila wiki mbili, ukisambazwa ukiwa mkavu na kusuguliwa kwa brashi laini, huchanganyika na mabaki yanayooza na kulinda shingo ya nyasi. Tumia mchanga uleule ulio ndani ya grini, ambao sehemu kubwa ya chembe zake ni kati ya milimita 0.25 na 1. Mchanga wa mto ambao haujachujwa una vumbi la udongo; ukiuweka mara chache tu utakuwa umejenga sakafu isiyopitisha maji. Rola nyepesi mara moja kila siku mbili pia imeonekana kupunguza dola spoti, na humpa mchezaji kasi bila kushusha kisu.

Hapo kwenye kisu ndipo mabishano yanapoanzia. Kila mashindano yanapokaribia, mtu atataka grini ikatwe milimita 2.8. Kupanda kutoka 3.2 hadi 3.6 kunapunguza chule kwa kiasi kinachoonekana kwa macho, na kasi inayopotea inarudishwa kwa rola. Kisu butu ni kibaya kuliko kisu kilichoshushwa. Kijaribu kwa karatasi ya gazeti kila asubuhi. Kikichana badala ya kukata, kinoe kabla hakijagusa nyasi.

Magonjwa mengine, kwa ufupi

Chule husababishwa na *Colletotrichum cereale*. Nyasi huwa za njano kisha rangi ya shaba bila mpaka wa mviringo, na kwa kioo cha kukuzia utaona vinywele vyeusi kama sindano kwenye jani linalokufa. Hufuata kimo cha chini, njaa ya naitrojeni na ukavu. Mabaka ya kahawia ya *Rhizoctonia solani* yanataka usiku wa zaidi ya nyuzi 20, hivyo Nairobi huonekana kwa nadra, katika siku za joto na mvua. Asubuhi baka huzungukwa na mstari wa kijivu kama moshi.

Pithiamu inahitaji tahadhari ya pekee kwa sababu si kuvu halisi, na dawa nyingi za kuvu haziigusi. Ile ya majani huja kwenye joto la zaidi ya nyuzi 30 mchana na zaidi ya 20 usiku. Nyasi hulala zikiwa zimelowa, zinateleza kama zimepakwa mafuta, na ugonjwa hufuata njia ya maji au ya gurudumu. Ukiiona, usikate nyasi hadi zikauke. Ya mizizi huja hata kwenye baridi, grini ikikaa na maji: nyasi hufifia mahali palipo bonde, mizizi hugeuka hudhurungi na kuteleza. Dawa huipoza, mfereji huiponya.

Miduara ya uyoga haihitaji hofu isipokuwa nyasi zinakufa. Toboa kwa vijiti vyembamba, weka dawa ya kulowanisha, kisha dawa ya kundi la 3 (makundi yanaelezwa hapo chini, kwenye kuchagua dawa) ukiisukuma kwa maji hadi kwenye uyoga ulipo.

Pwani, kwenye bermuda na paspalamu, orodha inabadilika. Huko madoa ya majani ya *Bipolaris* na kuoza kwa mizizi hutawala wakati wa mawingu ya masika, na tiba ya kwanza ni kupandisha kimo na kuongeza potasiamu. Paspalamu huvumilia chumvi, ila hushikwa na dola spoti kwa urahisi. Na usihamishe programu ya dawa ya benti kwenda kwenye bermuda: dawa za kundi la 3 zinaweza kuidumaza vibaya kwenye joto.

Hesabu ya lini kupuliza

Kupuliza kwa kalenda hula fedha na kujenga usugu wa kuvu dhidi ya dawa. Kwa dola spoti kuna hesabu iitwayo Smith-Kerns, iliyochapishwa mwaka 2018, inayohitaji vitu viwili tu kutoka kwenye kituo kidogo cha hali ya hewa: wastani wa unyevu wa hewa na wastani wa joto wa siku 5 zilizopita.

Zidisha unyevu kwa 0.0894. Zidisha joto kwa 0.1932. Jumlisha, kisha toa 11.4041. Jibu liite L, na uwezekano wa ugonjwa ni EXP(L)/(1+EXP(L)), ambayo unaweza kuiandika ndani ya Excel mara moja na kuisahau. Inafaa kwa joto la nyuzi 10 hadi 35.

Mfano: wiki ya Julai yenye nyuzi 16 na unyevu wa asilimia 78 inatoa L ya −1.34, yaani asilimia 21. Wiki yenye nyuzi 18 na unyevu wa asilimia 70 inatoa asilimia 16. Wiki ya mvua yenye nyuzi 19 na unyevu wa 82 inafika 40. Kizingiti cha kuanzia ni asilimia 20. Hesabu hii ilitengenezwa Marekani, kwa hiyo itumie pamoja na kumbukumbu zako mwenyewe: ikiwa ugonjwa wako huanza kila mara kwenye 25, pandisha kizingiti. Dawa ikishapulizwa, hesabu hainyanyui pampu tena hadi muda wa kinga ulioandikwa kwenye lebo, mara nyingi siku 14 hadi 21, uishe.

Ubao wa plywood wa mita 1 kwa mita 1 usaidie pia. Ulaze kwenye kona ya grini wakati wa kupuliza, uuondoe dawa ikikauka. Kipande hicho kisicho na dawa kitakuonyesha kama ulihitaji kupuliza, na kama dawa imefanya kazi.

Kuchagua dawa

Soma nambari ya kundi la FRAC (kamati ya kimataifa inayopanga dawa za kuvu kwa jinsi zinavyofanya kazi) kwenye lebo kabla ya jina la kibiashara. Majina matano tofauti dukani yanaweza kuwa kundi moja, na kubadilisha chupa bila kubadilisha kundi ni kujidanganya.

Kwa dola spoti, kundi la 3 (propikonazoli, tebukonazoli) na kundi la 7 (boskalidi na wenzake) huingia ndani ya jani na kudumu. Kundi la 1 (thiofanati-methili) na kundi la 2 (iprodioni) yalikuwa mazuri, lakini usugu wa kuvu hii dhidi yao, pamoja na kundi la 3, umethibitishwa katika nchi nyingi. Azoksistrobini ya kundi la 11 haizuii dola spoti, na yaweza hata kuiongeza. Hili huwakamata wengi: wanaipuliza kwa sababu inasifiwa kwa mabaka ya kahawia, ambako kweli inafaa, kisha wanashangaa madoa yanazidi. Kwa chule, fludioksonili ya kundi la 12 ina nguvu, ilhali kundi la 11 na la 1 yamepoteza makali mahali pengi. Kwa pithiamu tumia metalaksili (kundi la 4), propamokabu (28) au fosetili-aluminiamu (P07).

Dawa za kugusa kama klorothalonili (M05) na mankozebu (M03) hazijengi usugu kwa urahisi, ndiyo maana huchanganywa na zile za ndani. Udhaifu wake ni kwamba zinakaa juu ya jani, na grini hukatwa kila siku. Kata kwanza, puliza baadaye. Umoja wa Ulaya uliacha kuidhinisha iprodioni mwaka 2017 na klorothalonili mwaka 2019, na orodha za huku kwetu nazo hubadilika, hivyo kagua orodha ya sasa ya mamlaka ya viuatilifu, PCPB kwa Kenya au TPHPA kwa Tanzania, kabla ya kuagiza. Dawa iliyosajiliwa kwa waridi au ngano haina kipimo cha nyasi kwenye lebo yake. Kutumia ya namna hiyo kwa kukisia ni kinyume cha sheria, na grini ndiyo italipa.

Usipulize kundi moja la ndani mara mbili mfululizo. Usitumie nusu ya kipimo ili dawa ifike mwisho wa mwezi. Kipimo dhaifu huua kuvu dhaifu na kuacha ile sugu peke yake kitandani. Kundi la 3 hudumaza nyasi na kuzifanya kibluu, hasa likikutana na kidhibiti cha ukuaji kama trineksapaki. Ukivitumia vyote viwili, punguza kidhibiti.

Kupima pampu na kupuliza

Kosa la asilimia 30 kwenye kipimo hutokea kwa urahisi kuliko watu wanavyodhani, na karibu daima chanzo ni kasi au nozeli iliyochakaa. Kinga maji ya nozeli (mdomo wa kupulizia) moja moja kwa dakika moja kwenye chupa yenye alama. Ikitoa zaidi ya asilimia 10 kuliko mpya, itupe. Kisha pima kasi: mita 30 kwa sekunde 27 ni kilomita 4 kwa saa.

Lita kwa hekta = lita kwa dakika za nozeli moja × 600, gawanya kwa (kasi × nafasi kati ya nozeli kwa mita). Nozeli ya lita 1.6, kasi ya 4 na nafasi ya mita 0.5 inatoa lita 480 kwa hekta. Grini ya mita 500 za mraba ni hekta 0.05, basi inahitaji lita 24. Lebo ikisema lita 2 za dawa kwa hekta, grini hiyo inapata mililita 100. Grini 18 za ukubwa huo ni hekta 0.9, na usisahau ile ya mazoezi. Pima kila grini kwa kamba mara moja, uandike. Ramani za zamani husema uongo.

Kwa magonjwa ya majani lita 400 hadi 800 kwa hekta zinatosha, matone yakiwa ya wastani. Acha dawa ikauke, na usimwagilie wala kukata hadi kesho yake. Kwa magonjwa ya mizizi fanya kinyume: fungua maji ya milimita 3 hadi 6 mara tu baada ya kupuliza, kabla dawa haijakauka kwenye jani. Kusahau hatua hiyo ndiyo sababu kubwa ya dawa ya mizizi kushindwa.

Pima pH ya maji ya tangi. Ikiwa juu ya 7.5, ishushe hadi kati ya 6 na 7 kabla ya kuweka dawa, kwani iprodioni na thiofanati-methili huvunjika haraka kwenye alikali. Jaza tangi nusu, washa kikorogeo, weka unga na chembechembe kwanza, kisha dawa za maji mazito, kisha za mafuta, na viongezi mwisho. Mchanganyiko mpya ujaribiwe kwanza kwenye chupa ya lita moja kwa vipimo vidogo. Ukiganda hapo, utaganda ndani ya tangi. Puliza siku uwanja umefungwa, upepo ukiwa mtulivu, mpulizaji akiwa na ovaroli, glovu za nitrili, miwani na barakoa yenye kichujio, na wachezaji wasirudi kabla ya muda ulioandikwa kwenye lebo. Suuza chupa tupu mara tatu, mimina maji hayo ndani ya tangi, kisha zitoboe.

Kurudisha nyasi

Dawa huzuia kuvu isisonge. Doa lenyewe hufungwa na nyasi zinazokua. Baada ya mlipuko wa dola spoti, toa gramu 0.5 za naitrojeni kwa mita ya mraba, rudia baada ya siku 5, na madoa mengi yatajaa ndani ya wiki mbili au tatu. Yaliyokufa hadi shina yatobolewe kwa vijiti vyembamba, yawekwe mbegu na mchanga, na mashine ipandishwe hadi milimita 4 hapo. Ukipanda upya, chagua aina inayostahimili. Declaration na 007 zina uvumilivu mzuri dhidi ya dola spoti, Penncross iko nyuma yake, na Crenshaw ni dhaifu kupita zote hizo. Baadhi ya mbegu zinazouzwa huwa zimepakwa dawa ya kinyaushi, ugonjwa unaoozesha miche michanga. Kama zako hazijapakwa, usizipande juma la mvua nzito.